Msiuite mlio wa friji

Mhariri,

Mimi ni fundi wa redio mstaafu, na gazeti lenu nalisoma tangu siku zile nilipokuwa nikilinunua nusu kwa habari na nusu kwa kufungia vipuri. Sijawahi kuwaandikia. Lakini wiki mbili zilizopita mwandishi wenu wa kurasa za burudani aliwagusia kwa mistari minne vijana wa Nairobi wanaotengeneza ule muziki wa polepole uitwao ambienti, usio na ngoma na mara nyingi usio na mwimbaji. Akasema ni "mlio wa friji uliotiwa kwenye albamu", kisha akarudi kwenye harusi ya msanii wa Bongo. Harusi sina neno nayo. Friji ndiyo iliyoniinua kitini, kwa sababu hapo aliingia kazini kwangu.

Miaka 38 nimelipwa kuondoa mvumo. Kibanda changu kilikuwa Mwembe Tayari, hapa Mombasa, mlango mmoja, meza moja, na karibu kila aliyeingia alikuwa na shtaka lile lile: "Fundi, inavuma." Redio inavuma, amplifaya inavuma, kinanda cha kanisa kinavuma. Mkosaji huwa ni mmoja kati ya watatu. Ama kapasita imekauka, ama waya wa athi, ule unaoshuka ardhini, umekatika, ama transfoma imekaa karibu mno na mahali isipotakiwa. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Kapasita ikiwa nzima inaufuta usisikike. Ikikauka, unapenya hadi kwenye spika na kutetema mara 100 kwa sekunde, mmmm, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo la Kimbo.

Na la friji nalijua kwa jina lake. Mwaka mmoja, siku tatu kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, niliitwa msikitini. Spika zilikuwa zikivuma hata imamu akinyamaza. Nilibadilisha kapasita, mvumo ukabaki. Nikabadilisha waya za maikrofoni, ukabaki. Siku ya pili nikafuata waya ukutani kwa kidole, nikapita kwenye kijistoo cha mikeka, nikaikuta friji ya maji ya kufuturia imechomekwa kwenye soketi moja na amplifaya. Imamu akacheka hadi akashika ndevu: "Kumbe siku zote hizi tunasalishwa na friji." Nikaihamisha, nikalipwa, tukafunga kwa amani.

Sasa mjue nilimsikia vipi kijana huyo ambaye mwandishi wenu hata jina lake hakuliandika sawa.

Ulikuwa usiku wa stima kupotea. Mjukuu wangu, anayesoma chuo Nairobi, alikuwa amekuja likizo. Nyinyi mnaokaa mjini mnaijua ile sekunde: friji inakata, feni inakata, taa ya jirani inazimika, na ghafla unagundua kwamba kulikuwa na kelele ambazo hukujua kwamba ulikuwa ukizisikia. Tukakaa barazani gizani. Akanivisha visikizio vyake vya simu akasema, "Babu, sikiza huyu. Huyu ameiba kazi yako."

Dakika mbili za mwanzo mkono wangu ulikuwa unatafuta bisibisi. Nasema kweli. Niliyoyasikia yalikuwa makosa yangu yote ya miaka 38, yamepangwa foleni: athi iliyokatika, transfoma iliyolegea, kapasita iliyokauka, mlio wa simu unaoingilia spika kabla haijaita. Kisha nikasikia kwamba yule mtu hakuyaacha yalivyo. Mvumo mmoja ulikuwa unashuka pole pole mno, na mwingine ukaja chini yake, na ilipokaribiana ikaanza kupigana mawimbi, wau, wau, wau, kama vyombo viwili vilivyofungwa kamba moja kwenye maji yasiyotulia. Fundi yeyote analijua pigano lile. Sikuwahi kulisubiri limalizike, kwa sababu mteja alikuwa mlangoni.

Kazi yenyewe inaitwa "Natur", ilitoka mwaka 2024, ni kipande kimoja tu cha karibu saa nzima. Aliyeitengeneza anajiita KMRU. Alizaliwa Nairobi mwaka 1997, akasomea muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta, kisha akaenda Berlin kuongeza masomo ya sauti. Mjukuu wangu alinieleza kwamba Berlin aliikuta kimya kuliko kwao, basi akachukua maikrofoni za namna nyingine, zisizonasa hewa. Zinanasa usumaku wa umeme: unaisogeza karibu na transfoma, au ukuta wenye waya, na unasikia kilichojificha humo. Mjukuu alilieleza kama muujiza. Mimi nikamwambia ni koili ya waya, mwanangu, sawa na ile iliyo chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Nilikuwa na yangu, niliisuka mwenyewe, nikiitumia kumtafuta mkosaji. Ikilia zaidi, umemkaribia.

Stima ziliporudi na friji ikaanza tena, nilivua visikizio nikamwomba mjukuu alete kinanda chake kidogo cha betri. Tukaulinganisha. Mvumo wa friji yangu umekaa juu kidogo ya noti ya G. Jambo hili sikulijua, na nimeishi nalo maisha yangu yote. Umeme wa Ujerumani nao huenda na kurudi mara 50, kwa hiyo yule kijana alipohama Nairobi akahamia Berlin alibadilisha lugha, chakula na hali ya hewa, ila ukuta wa chumba chake uliendelea kuimba noti ile ile. Angekwenda Marekani angepotea: wao umeme wao ni mara 60, na mvumo wao umekaa kati ya B bapa na B. Huko New York, miaka ya 1960, mwanamuziki mmoja aitwaye La Monte Young alikuwa akiulinganisha muziki wake na mlio wa mota ya tangi la kobe wake wa maji. Kobe! Msidhani basi kwamba mambo haya yameanza jana na vijana wa Nairobi.

Mwandishi wenu alisema kweli, Mhariri, isipokuwa alidhani anatukana.

Na jina kamili la huyo kijana ni Joseph Kamaru. (Gazeti liliandika Kamau.) Wazee wa bara mnaofanya kazi hapo mtakuwa mmeshtuka: naam, ni mjukuu wa yule yule Kamaru wa Murang'a, mwimbaji wa Kikuyu aliyefariki Oktoba 2018. Mimi Kikuyu sikijui zaidi ya kusalimu, lakini santuri za mzee yule zilipita mezani kwangu kwa wingi, zikiletwa na wapangaji kutoka bara pamoja na gramafoni zao zilizochoka. Ule wimbo wake wa mwalimu na mwanafunzi uliwaudhi walimu nchi nzima, na mbunge J.M. Kariuki alipouawa mwaka 1975 aliuimba msiba huo waziwazi wakati wengine walikuwa wakinong'ona. Babu maneno yalimtia matatani. Mjukuu wake hatumii maneno karibu hata kidogo, lakini ndiye aliyezichukua nyimbo za babu na kuzitoa upya kwenye intaneti, ili zisife na santuri zake. Mwaka 2022 alitoa kazi nyingine, "Temporary Stored", akitumia sauti za Afrika zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji. Watu wetu waliimba, wakanaswa, wakawekwa kabatini. Yeye akaenda kusikiliza kabati.

Simwabudu, lakini. Albamu yake ya "Peel", ya mwaka 2020, iliyotolewa na kampuni ya Editions Mego ya Vienna, ina wimbo wa mwisho unaozidi dakika 20. Mara mbili nimelala katikati, mara ya tatu nikaumaliza nikiwa wima kwa nia tu. Na zile orodha ndefu za muziki wa kulalia zilizojaa kwenye simu, mvua ya bandia na piano ya bandia juu yake, hizo zikiitwa mlio wa friji mimi sitaandika barua. Friji walau inafanya kazi ya kupoza maji.

Niseme na mwanzo wa jina hilo la ambienti, maana hadithi hii kila fundi wa stirio anastahili kuijua. Mwaka 1975 Mwingereza Brian Eno aligongwa na gari London akawa amelala nyumbani, hawezi kwenda popote. Rafiki akamletea santuri ya kinubi, muziki wa karne ya 18. Rafiki alipoondoka, Eno akajikokota akaiweka, akarudi kitandani, ndipo akagundua kwamba sauti ameiweka chini mno na upande mmoja wa stirio umekufa. Nguvu ya kuinuka tena hana. Nje mvua. Akabaki hivyo hivyo, kinubi kikizama ndani ya mvua na kuibuka, mpaka akaona kwamba huo nao ni usikilizaji wa aina yake.

Upande mmoja wa stirio kufa ni kazi ya nusu saa. Mara nyingi ni waya tu. Angekuwa jirani yangu Mwembe Tayari ningemtengenezea kabla ya adhuhuri, na huo muziki labda usingezaliwa.

Miaka mitatu baadaye, 1978, alitoa albamu aliyoikusudia viwanja vya ndege, na kwenye jalada akaweka neno ambalo dunia sasa inalitumia, ambienti. Kazi yenyewe ni ya mikono kuliko mnavyodhani. Katika kipande kimoja alichukua sauti za watu, kila sauti noti moja tu, akaifunga kila noti kwenye duara lake la tepu. Duara moja linarudi kila sekunde 23 na nusu, jingine kila sekunde 25 na ushei, la tatu karibu kila sekunde 30. Tepu zilikuwa ndefu hata zikazungushwa kwenye viti vya alumini humo studioni. Kwa kuwa urefu haulingani, noti hazikutani mara mbili kwa namna moja. Anayetaka kulielewa jambo hilo bila kununua santuri, asimame Mji wa Kale alfajiri, mahali ambapo misikiti minne inasikika kwa pamoja: mmoja umeanza, wa pili uko nyuma pumzi tatu, wa tatu mwadhini wake ni mzee na anavuta. Sisemi adhana ni muziki, isije ikachapishwa hivyo nikaulizwa barazani. Nasema juu ya mpishano wa sauti tu. Sikio lililolelewa pale halihitaji kufundishwa na mtu wa London.

Kuna jambo moja ambalo ndilo hasa lililonifanya nisikae kimya, na si la kufurahisha.

Baada ya mvua za El Niño mama mmoja wa Kibokoni aliniletea kaseti. Sanduku lake lilikuwa limenyeshewa. Ndani ya kaseti ile kulikuwa na harusi ya dada yake, na anayeimba ni mama yao, marehemu, na wanawake wakimwitikia kwa lelemama. Aliniambia hana sauti nyingine ya mamake duniani. Nikaikausha, nikaifungua, nikaihamishia kwenye ganda jipya, nikaitia kwenye mashine. Ikalia. Mama akaweka mkono mdomoni. Ilipoisha akasema, rudia. Nikarudia. Mara ya pili niliona ule unga wa kahawia kwenye hedi ya mashine, pale tepu inaposomwa, na fundi anajua unga ule ni nini: ni sauti yenyewe, inabanduka kutoka kwenye tepu. Herufi za "s" zilikuwa zimeanza kupotea. Akasema, rudia. Sikuwa na moyo wa kumkataza. Mara ya tatu vigelegele vilikuwa vimekuwa kama vinatoka ng'ambo ya maji. Mashine ya pili, ya kunakilia, ilikuwa mezani pale pale, mkono mmoja tu kutoka nilipokaa. Sikuiwasha. Sijui nilikuwa nikifikiri nini. Nilikuwa nikimtazama yeye.

Miaka mingi baadaye, mwaka huu huu, mjukuu akanisikilizisha kazi ya Mmarekani William Basinski. Huyo naye, mwaka 2001 huko New York, alitoa tepu zake fupi za miaka ya 1980 ili azihamishie kwenye kompyuta. Zikaanza kubanduka zikiwa zinazunguka. Kila mzunguko kinapungua kitu, mapengo yanazidi, mpaka sauti inabaki mifupa. Yeye mashine ya pili aliiwasha. Aliacha inase kifo chote. Na kazi hiyo ilikuwa imekamilika tu ndipo ile minara miwili ya New York ikaanguka Septemba, na yeye alikuwa juu ya paa la nyumba Brooklyn akiutazama moshi huku sauti zile zikilia. Nilisikiliza dakika kumi nikaomba izimwe. Si kwa ubaya wake. Nilikuwa nausikia unga.

Mwambieni mwandishi wenu kwamba friji hailizi mtu namna hiyo.

Halafu, avumaye baharini ni papa, kumbe wengi wapo. Mjukuu wangu anampenda zaidi Nyokabi Kariũki, binti wa Nairobi, na nadhani kwa huyu tumekubaliana. Kazi yake ya 2022 ya kumbukumbu za Kenya aliitengeneza akiwa Marekani, wakati wa korona, kwa sauti alizokuwa amezinasa nyumbani. Kipande kimoja kinaitwa "Galu". Galu ni hapa kwetu, ukivuka kivuko cha Likoni ukashika njia ya Diani. Kingine kinaanza na neno "Ngurumo", na humo kuna habari ya kuwalisha mbuzi maembe. Kingine ni matembezi katika shamba la nyanya yake. Mwaka uliofuata akatoa kazi juu ya korona iliyomganda mwilini na kukataa kutoka. Kwake kuna sauti ya mtu, kuna Kiswahili na Kikuyu, kuna majani yanayokanyagwa. Mnaosema muziki huu hauna kwao mngeanzia hapo.

Sasa ombi langu, maana barua bila ombi ni soga. Mkiwaandika tena watu hawa, waandikeni kwa Kiswahili na kwa jina la Kiswahili. Nimeona mahali pameandikwa "muziki wa mazingira". Jina hilo tupeni. Mtu akilisikia atajua ni zile nyimbo za wanafunzi za kupanda miti, zinazoimbwa mgeni rasmi akiwa amekalia kiti cha plastiki. Lugha yetu ina neno, nami nimelifanyia kazi miaka 38: mvumo. Upepo huvuma, bahari huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma, mtu akipata sifa naye huvuma. Uiteni muziki wa mvumo. Wazee walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na hawa nao wanalijua hilo, ndiyo maana wanavumisha kidogo kidogo na kwa muda mrefu.

Na mkimtuma mwandishi akawasikilize, mpeni visikizio vya maana. Kwenye spika ya simu noti za chini hazitoki kabisa, ataandika tena habari za friji. Akifika Mombasa anitafute, nina spika mbili za mbao za miaka ya 1970, nilizozijaza pamba mwenyewe, na pande zote mbili zinafanya kazi.

Asije Ijumaa. Ile amplifaya ya msikitini imeanza kuvuma tena na nimeitwa. Friji tumeshaikagua, haina hatia. Safari hii ni panya, wamekula waya wa athi.

Fundi mstaafu,
Mombasa